Upande wa Kulia Haukusokotwa

Dada Kalunde,

Shikamoo.

Nimeliandika neno hilo nikatulia kidogo, kama mtu anayesubiri kuitikiwa. Mazoea mabaya hayo. Ile marahaba yako ulikuwa unaivuta mpaka mtu anahisi amesalimia ukoo mzima.

Nimekaa kibarazani kwetu Itetemia. Ni mchana, jua kali, nyumba imenyamaza. Mama amekwenda Ntalikwa, anasema anapalilia karanga. Najua hakuna cha kupalilia huko sasa hivi. Amekwenda kulia mahali ambapo hakuna mtu wa kumwambia nyamaza. Limi ameondoka, dada. Mwanao. Walikuja kumchukua Jumamosi wakampeleka Choma kwa baba yake, na mimi sina mtu wa kumweleza jambo hili kutoka mwanzo. Wengine wote walikuwepo, kila mmoja ana kipande chake. Wewe ndiye hukuona chochote.

Itabidi nianze na nywele, kwa sababu na wao walianza na nywele.

Unajua hali niliyokuja nayo kwako. Ile dawa ya kulainisha ilikuwa imeniunguza, vidonda vinatoa maji, nikipitisha kitana nywele zinatoka kama manyoya ya kuku aliyemwagiwa maji ya moto. Nilikuwa naenda kazini kwa Mzee Sefu, fundi seremala, nimejifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Siku ulipokifungua kitambaa kile hukupiga kelele. Ulikwenda kuchemsha maji yenye chumvi, ukanisafisha polepole, ukasema, "Zikiota tena hatuzitii dawa. Tunaanza dredi. Hapa hapa, mimi na wewe."

Na ulikuwa hujawahi kusokota dredi ya mtu yeyote! Kazi yako ilikuwa kufuma vitambaa vya makochi. Ulimsimamisha binti mmoja stendi, mwenye dredi zimefika mgongoni, ukamuuliza maswali mpaka basi lake likataka kumwacha.

Sijui kama huko uliko mtu hukumbuka vya kuchekesha. Ile nta, dada. Jirani alikushauri upake nta ya nyuki zishike upesi, na hapa Tabora nta haimsumbui mtu kuipata. Ukaipasha moto, ukanipaka kichwa kizima, zikasimama kama misumari. Kesho yake karakanani vumbi lote la mbao za mninga likanasa kichwani, nikawa mwekundu, halafu nyuki wakaanza kunizunguka. Mzee Sefu akaacha randa, akaniangalia, akasema, "Milembe binti yangu, leo umekuja kazini na mzinga?" Tulitumia maji ya moto na siki kuiondoa nta ile, wiki nzima, wewe unasugua, mimi nalia, wewe unacheka.

Tulipoanza upya tukaanza vizuri. Uligawa viboksi kwa mkia wa kitana, kimoja kimoja, hutaki mstari upinde. Maji kidogo, utomvu wa mshubiri tulioupanda kwenye ndoo iliyotoboka, halafu unasokota kwa kuelekea upande mmoja tu, maana ukigeuza inafumuka. Kila kimoja unakibana na klipu kwenye shina, kisha unanikalisha juani mpaka kikauke. Hakuna kuosha. Kukiwasha napiga kwa kiganja, sikuni. Nilale na kitambaa laini. Baada ya hapo zikavimba, zikafumuka ncha, nikaonekana kama mtu aliyetoka kwenye kichaka, nami nikakwambia zimegoma.

"Hazijagoma," ukasema. "Zinafikiri."

Halafu siku moja ukaibonyeza moja karibu na sikio, ukauchukua mkono wangu ukauweka hapo. Ndani kulikuwa na kitu kigumu kama punje ya dengu. "Umesikia? Imeshika." Ulifurahi kama vile ni kitu kilichozaliwa. Tangu hapo nywele zilizochomoza ulizirudisha ndani kwa ile sindano yako ya kufumia, na mimi nilizoea kukaa mkekani katikati ya magoti yako, nikasinzia.

Shangazi Nyamizi alisema nimekuwa mvuta bangi. Kanisani wale mama wa kwaya walisogea kidogo kwenye benchi. Mama yetu alianza kuniuliza kila jioni kama nimekula. Wewe uliwajibu wote kwa niaba yangu. Mimi sikuwahi kujifunza kuwajibu, na hilo nilikuja kulijutia.

Ulimsubiri mtoto muda mrefu. Nilikuwa naona jinsi ulivyopokea watoto wa watu, ukiwashika kidogo kisha unawarudisha haraka. Ndipo tumbo likaja. Jilala mumeo, mtu mkimya yule, akarudi kutoka kwenye kazi yake ya ujenzi na ndizi mkungu mzima, akauweka mlangoni, akakaa pembeni yake kama anaulinda. Na mimi niliendelea kukaa mkekani kati ya magoti yako, ila sasa tumbo lilikuwa linaniegemea kisogoni. Mtoto akawa ananipiga teke kichwani. Kila ukisokota za nyuma, ananipiga. Ulicheka mpaka ukaangusha klipu. "Anasema na yeye anataka," ukaniambia.

Kwa hiyo mimi nilimjua Limi kwa kisogo kabla hata wewe hujaiona sura yake.

Jumapili ile tulitoka kanisani, ukasema nikae uzirudie shina, zimekuwa ndefu, hutaki uende kujifungua ukaniacha kama kichaka. Ulianza kushoto. Ulimaliza kushoto kote na nyuma kidogo. Kisha ukasimama, ukashika kiuno, ukasema mgongo unauma, tutamalizia kesho.

Sikujua kama ni uchungu umeanza. Nadhani wewe ulijua.

Limi alizaliwa kesho yake mchana, jua likiwa utosini, ndiyo maana akaitwa Limi, jua. Ulimwona. Mkunga aliniambia ulimwona, ulimgusa paji la uso, ukauliza kama ana vidole vyote. Baadaye damu ikakataa kusimama. Walikimbia, dada, niliwaona kwa macho yangu wakikimbia, yule muuguzi mfupi viatu vilimtoka na hakurudi kuviokota. Walifanya walichoweza. Jilala alikuwa amesimama karibu na ukuta na kanga yako mkononi. Alipoambiwa hakulia. Aliikunja ile kanga mara nyingi sana, ikawa ndogo kama kitabu, akaiweka mfukoni.

Tulikuzika Ntalikwa karibu na baba. Nilijifunga kanga kichwani lakini wakati wa kutupa udongo ikateleza, na watu wote wakaona. Upande wa kushoto ngozi inang'aa, mistari imenyooka, kila dredi imekaa mahali pake. Upande wa kulia vurugu. Nilisikia mtu akiguna. Sikuifunga tena. Nilitaka waone ulipoishia.

Na kwa sababu hiyohiyo, siku ya kuondoa tanga, Shangazi alipotoa wembe, nilikataa.

Unazijua taratibu zetu. Mama alinyolewa, akakaa pale uani, kichwa chake kidogo na cheupe, nikaona jinsi alivyozeeka. Wakanyolewa na wengine. Shangazi akaniita. Nikamwambia, "Shangazi, hapana." Akadhani sijasikia. Nikamwambia nitavaa nguo nyeusi mwaka mzima, nitalala chini, nitafanya lolote, ila kichwa hiki alikishika dada siku ya mwisho na hakitaguswa. Ukweli sikusema hayo yote. Nilisema hapana, halafu nikasema hapana tena, maneno mengine nimeyapanga leo.

Mama mkwe wako alikuwa amekaa mkekani, amekuja kutoka Choma na ndugu zao. Mwanamke mrefu, hajui Kiswahili kingi, lakini hicho alichonacho anakitumia vizuri. Alimwangalia mama, hakuniangalia mimi. Akasema, "Mayu, huyu ameshindwa kumnyolea dada yake. Mtoto wa dada yake atamlea vipi?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba tunazungumzia jambo jingine.

Mahari yako ilimalizika, mtoto ni wao. Hakuna mtu aliyebisha hilo. Lakini Limi alikuwa na siku chache tu, na mama aliwaomba wamwache kwetu kwanza apate nguvu. Walikubali kwa shingo upande. Mama mkwe alisema kwao ng'ombe wapo, mtoto hawezi kukosa maziwa, na kwamba mtu ambaye hakunyolewa amebeba kifo kichwani, analala nacho chumba kimoja na mtoto mchanga. Alisema atarudi.

Tulimlea kwa maziwa ya kopo. Mzee Sefu aliniruhusu nije na Limi karakanani, nimlaze chumba cha nyuma mbali na vumbi. Nilikuwa napiga msasa, nakwenda kumtazama, napaka vanishi, nakwenda kumtazama. Akilia nikimwinamia, anakamata dredi moja kwa ngumi ananyamaza. Sikuchagua mimi ni ipi. Anakamata za kushoto kwa kuwa ndiko ninakomwegemeza. Za kwako. Nilimwacha azishike. Za kulia sikuzirudia kabisa, ziliendelea kuwa vurugu.

Kisha akaugua. Alianza kwa kukohoa, akakataa chupa, mbavu zikawa zinaingia ndani akivuta pumzi. Tulimkimbiza hospitali akawekewa hewa na dripu. Daktari alisema ni homa ya mapafu, tumemleta kwa wakati, tusubiri. Mimi nikakaa kwenye benchi nje ya wodi. Mama akaenda nyumbani kuchukua nguo, na huko akakutwa na Shangazi, na mama mkwe alikuwa ameshapigiwa simu Choma, na wote walikuwa na jibu moja: ninyolewe.

Mama alirudi akakaa karibu yangu. Hakunishika mkono. Alisema, "Mile, mwanangu."

Nikamwambia, "Mama, ni homa ya mapafu. Daktari amesema."

"Najua amesema."

"Dawa anapewa."

"Najua." Akasema, "Sijui kama wanayosema ni kweli. Mimi ni mtu wa kanisa. Lakini mtoto huyu akifa, mimi nitakaa maisha yangu yote nikijiuliza. Na wewe nitakuangalia, sitaweza kukuangalia vizuri. Sitaki kufikia hapo. Niondolee hilo."

Ningeweza kubishana na Shangazi, hata na yule mwanamke wa Choma. Mama hakunilazimisha, aliniomba, na hapo sikuwa na pa kushika.

Tulikwenda nyuma, pale wanapoanika mashuka. Shangazi alikuwepo na wembe, nikamwambia atakata mama. Mama alianza upande wa kulia, kule kwenye vurugu. Mkasi ulikuwa butu, anakata kama anakata kamba. Dredi zikaanguka kwenye kanga yake mapajani. Alipofika katikati, akashika ile ya kwanza ya kushoto, akaitazama. Mistari yako ilikuwa imeshaota nywele lakini ilionekana bado. Alijaribu. Akasema, "Hii siwezi, ni ya Kalunde."

Nikauchukua mkasi. Za kwako nilizikata mwenyewe, dada. Kila moja niliisikia. Kisha Shangazi akapitisha wembe, na upepo ukanipiga kichwani, nikajihisi kama nimevuliwa nguo mbele za watu.

Limi alipona. Wanasema ni wembe. Mimi nilikuwepo, niliona sindano zikiingia, niliona pumzi ikirudi taratibu kwa siku kadhaa. Siwabishii. Wana furaha na mimi nina mtoto, basi.

Zile nywele Shangazi alitaka zitupwe njia panda. Nilikataa, safari hii hakuna aliyenibishia. Nilizileta Ntalikwa nikachimba upande wa kichwa chako nikazifukia. Mvua ilinyesha siku ile. Labda uliona.

Mama mkwe wako alikuja kumjulia hali mjukuu wake. Akakiona kichwa changu, akanipa mkono kwa mara ya kwanza. "Sasa wewe ni mtu," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anamaanisha. Nadhani hilo ndilo lililoniuma. Akasema Limi akae kwetu mpaka atembee.

Niliishukuru ahadi hiyo. Sikuifikiria vizuri.

Mtoto hukua, dada, hata ungemwomba asikue. Akakaa, akatambaa, akaanza kushika viti. Ana paji lako la uso, na ana ile hasira yako ya njaa. Anaogopa mashine ya randa lakini anapenda kuzikusanya zile takataka za mbao zilizojikunja, anazivaa mkononi. Siku alipoachia kiti akapiga hatua kunifuata, nilimwona mama akisimama na mwiko mkononi. Hatukushangilia. Nilikwenda nikamchukua, nikamkalisha chini. Akasimama tena, anacheka, anadhani ni mchezo. Nikamkalisha tena.

Jilala akipiga simu kuuliza, mama alimwambia bado, anatambaa. Mama, ambaye hasemi uongo hata kwa muuza maziwa! Mpaka Jilala alipokuja mwenyewe bila taarifa, na Limi akamkimbilia mlangoni. Alikimbia, dada, hakutembea tu. Jilala akamwinua, akatuangalia mimi na mama, akaelewa. Akasema tu, "Amekua." Akaondoka kesho yake na hakumwambia mama yake, kwa muda mrefu hakumwambia. Usimlaumu mumeo. Anafanya anachoweza, na hawezi mengi. Amerudi Choma kuchunga ng'ombe wa nyumbani, nyumba za watu hataki kujenga tena.

Lakini jambo kama hilo halifichiki. Jumamosi walikuja, mama mkwe na Jilala. Mama alipika wali na kuku, tukala kama watu wanaoheshimiana. Kisha tukaenda stendi. Nilimbeba mimi. Wakati wa kumpokeza kwa dirisha la basi akaelewa, akanishika kola ya blauzi kwa mikono miwili. Hakulia kwanza, alishika tu, macho yamemtoka kuangalia, kazi yake ni kushika. Jilala akawa anavifungua vidole kimoja kimoja na kimoja kikifunguka kingine kinafunga. Kifungo kikakatika. Ndipo akalia, akaniita mama.

Mama mkwe wako akasema, "Sema mamdogo." Akarudia, kwa upole kabisa, "Mamdogo. Sema."

Basi likaondoka.

Jumapili sikutoka ndani. Jumatatu nilikwenda kazini nikapiga msasa meza moja mpaka Mzee Sefu akaniondoa mkono, akaniambia, "Utaitoboa." Tukakaa. Akaniambia ana mtoto wa kaka yake ana karakana Igunga mjini, anatafuta mtu anayejua kumalizia samani, kwa kuwa vijana wake wanapaka vanishi kama wanapaka matope. "Mimi sitaki uondoke," akasema. "Lakini kutoka Igunga kwenda Choma siku za mnada magari hayakosekani." Akainuka akaendelea na randa.

Nimemwambia mama jana usiku, kabla hajaenda shamba. Nilidhani atakataa. Alisema, "Nenda. Huyu wa Ntalikwa nitamwangalia mimi, yule wa Choma mwangalie wewe." Nimempigia Jilala, naye akampa mama yake simu. Sikutegemea. Nikamsalimia, nikamwomba niwe nakuja kumwona mtoto. Halafu akasema, "Njoo. Ila uje kama mgeni."

Kichwa changu kimeota tena, nywele fupi, laini, hazijawahi kuonja dawa. Watu wananiuliza kama nitaanza dredi. Za mbele ningeweza mwenyewe. Kisogoni sifiki, na sitaki mkono mwingine huko, bado. Nimeziacha.

Naondoka wiki ijayo, dada. Sitaweza kuja kaburini mara kwa mara, usihesabu siku. Usingizi wako uwe mwepesi, udongo wa Ntalikwa ukutunze pamoja na baba. Nami nakuahidi: nitakwenda Choma kama mgeni. Nitabisha hodi nje ya boma lao, nitasubiri kukaribishwa, nitakaa pale watakaponionyesha, nitakunywa maziwa watakayonipa. Nitarudi mnada unaofuata, na unaofuata, mpaka mbwa wao wachoke kunibwekea.

Mdogo wako,
Milembe